Kutoka Jogoo Road Hadi Mto Gura

Mitaa ya Eastlands mjini Nairobi haina sifa ya uvuvi. Ukitajwa mtaa wa Kaloleni, watu hukumbuka ukumbi wake na mikutano iliyofanywa humo. Ukitajwa Jericho, hukumbuka kiwanja cha mpira cha Camp Toyoyo. Gikomba ni mitumba, Burma ni nyama, Kamukunji ni nyundo na mabati. Samaki wa huko hutoka mbali. Wengi huletwa kwa magari kutoka Ziwa Victoria, wakakaangwa jioni kando ya njia, na harufu ya mafuta humlaki mtu atokaye kazini kabla hajaufikia mlango wake. Kwa hiyo mwenyeji wa Jericho akiwaambia jirani zake kwamba anajiandaa kwenda kuvua samaki mtoni kwa nzi wa manyoya, hapana budi watamcheka kidogo.

Na wacheke. Safari ya namna hiyo yawezekana, tena mtu wa mshahara wa kawaida akijipanga mapema pamoja na wenzake ataimudu. Samaki atakayemfuata ni jirani yake kuliko ajuavyo, maana hukaa katika milima ile ile inayojaza mitungi ya Eastlands.

Jambo hilo la maji lastahili kuelezwa kwanza. Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimasai yenye maana ya maji baridi. Mto wenyewe huanzia upande wa Kikuyu, karibu na kinamasi cha Ondiri, ukashuka mpaka mjini, ukapita Kamukunji, Gikomba na Shauri Moyo, kisha Kariobangi na Dandora, na mwisho ukaungana na Mto Athi uendao baharini karibu na Malindi. Afikapo Gikomba mtu hahitaji kuambiwa habari zake, pua humwambia. Taka za vyooni na za viwanda huyala maji hewa yake yote, na samaki hana cha kuvuta. Ndiyo sababu Eastlands, ingawa ina mto mlangoni, hunywa maji ya mbali. Bwawa la Sasumua huko Kinangop lilimalizika mwaka 1956. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa juu ya Mto Thika katika nchi ya Murang'a, lilimalizika mwaka 1994, nalo laweza kushika mita za ujazo milioni 70. Maji hayo yote hutoka katika msitu wa milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Siku mfereji ukikauka huko Umoja au Kayole, na mwenye mkokoteni akapandisha bei ya mtungi wa lita 20, asili ya shida yaweza kuwa huko juu ambako watu wengi wa mitaa hiyo hawajapata kufika.

Huko juu ndiko akaako trauti.

Trauti ni samaki mwindaji wa maji baridi na yaendayo kasi. Hapendi bwawa la matope wala mto wa joto. Maji yakipita kiasi cha nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika, na yakizidi sana hufa. Hukaa nyuma ya jiwe, kichwa akikielekeza mkondo utokako, akatulia kama askari lindoni, na kila kiletwacho na maji hukipima kwa jicho: mdudu, kiluwiluwi, kaa mdogo wa mtoni, samaki mdogo, hata mtoto wa trauti mwenziwe. Akikipenda hukirukia mara moja, akarudi mahali pake. Wako wa aina mbili katika mito ya Kenya. Mmoja ni wa rangi ya kahawia mwenye madoa meusi na mekundu. Wa pili huitwa trauti wa upinde wa mvua, kwa ajili ya mstari wa rangi ya waridi upitao ubavuni mwake. Yule wa kahawia ni mwerevu zaidi na hushikwa kwa shida.

Wala si mwenyeji wa nchi. Mwaka 1905 Ewart Grogan, Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape mpaka Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, yakaja kwa meli na kwa reli, yakapandishwa mlimani, yakatiwa katika Mto Gura. Jina la bwana huyo bado lipo midomoni mwa watu wa Nairobi. Barabara ya Kirinyaga zamani iliitwa Grogan, na mpaka leo mafundi wa magari walioko kule chini karibu na mto husema wanafanya kazi "Grogan". Dereva wa matatu ya Eastlands aendaye huko kununua springi labda hajui kwamba jina analolitaja ndilo la mtu aliyeleta trauti. Trauti wa upinde wa mvua alifuata mwaka 1910 kutoka Afrika ya Kusini, na mwaka 1948 serikali ilianzisha mabwawa ya kuzalisha vifaranga vya samaki huyo huko Kiganjo, karibu na Nyeri, kwa maji ya Mto Sagana. Mabwawa hayo yangalipo.

Kwa miaka zaidi ya hamsini mchezo huu ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika alifika mtoni akiwa amebeba mizigo ya mwingine, au akiongoza njia, na elimu yake ya mto, ambayo mara nyingi ilikuwa kubwa kuliko ya mwenye ufito, haikuandikwa popote. Hata nyumba ya Sagana, ambayo serikali ya koloni ilimzawadia Binti Mfalme Elizabeth kwa arusi yake ya mwaka 1947, ilijengwa kando ya mto wa trauti. Hapo ndipo alipopata habari, tarehe 6 Februari 1952, kwamba baba yake amefariki na kwamba yeye sasa ni Malkia.

Mwaka ule ule, mwezi wa Oktoba, Hali ya Hatari ilitangazwa, na mito ya Nyandarua ikawa si mahali pa michezo. Msitu ulikuwa ngome ya wapiganaji, na aliyeonekana humo bila ruhusa aliweza kupigwa risasi. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi, na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Makumi ya maelfu ya watu walikamatwa na kupelekwa vizuizini. Eastlands yenyewe imeyahifadhi mambo hayo katika majina yake, tena bila kupendelea upande. Mbotela ni kumbukumbu ya Tom Mbotela, mwana wa James Mbotela aliyeandika kitabu cha Uhuru wa Watumwa. Tom aliuawa mwaka 1952. Ofafa ni kumbukumbu ya Ambrose Ofafa, diwani wa mji, aliyeuawa mwaka 1953. Na si mbali na hapo uko mtaa wa Kimathi, wenye jina la yule aliyekamatwa karibu na Nyeri mwezi wa Oktoba 1956 baada ya miaka mingi katika msitu huo wa Nyandarua. Mtu atokaye mitaa hii kwenda Gura kwa furaha yake, akiwa na kibali mfukoni na ufito begani, afanya jambo ambalo babu yake hangelifanya kwa njia yoyote.

Basi, safari hupangwaje?

La kwanza ni majira. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, si wakati wake. Mito hufurika ikawa rangi ya chai ya maziwa, trauti haoni kitu, na njia za mlimani huwa utelezi mtupu. Vuli nayo, Oktoba mpaka Desemba, haitabiriki. Januari na Februari ndiyo miezi bora, kwa kuwa maji yamepungua na kutakata, na jua hutoka. Agosti na Septemba pia hufaa, lakini baridi yake ni ya kuumiza mifupa. Wenye busara huanza kuweka akiba mwezi wa Julai kwa safari ya Januari. Eastlands ni nchi ya vyama. Kama watu watano waweza kuchangiana kununua viti vya arusi na mahema ya matanga, hawashindwi kuchangiana gari la siku tatu. Gari ndilo gharama kubwa, nalo likigawanywa kwa watu watano huwa jambo jingine kabisa.

La pili, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote, ni kiongozi. Wako watu, hasa vijana, waonao kwamba kiongozi ni anasa ya watalii. Hao wamekosa. Msitu wa Nyandarua una ndovu na nyati, na vichaka vya kando ya mto ni vinene hata mtu aweza kumkaribia nyati kwa hatua kumi asimwone. Ndani ya mbuga askari wa Shirika la Wanyamapori, KWS, huweza kukodiwa kufuatana na wageni, na yafaa mgeni avuaye samaki huko kumchukua. Nje ya mbuga, katika vijiji vilivyopakana na msitu upande wa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga, wako wanaume walioujua mto tangu utoto wao. Kumpata aliye hodari kwataka maswali. Mwulize maji yalikuwaje juma lililopita. Kama hajui, hakwenda. Mwulize atafanya nini mvua ikinyesha usiku. Akijibu kwamba mvua si kitu, mwache. Kiongozi mwema ni yule awezaye kusema "leo hatuvui", ingawa ujira wake wategemea kuvua. Mpatane malipo mapema mbele ya wote, pamoja na chakula chake na blanketi lake, wala msingoje mpaka jioni ya mwisho. Na akisema nyamazeni, mnyamaze, awe ni mzee au kijana. Cheo cha ofisini kilibaki Nairobi.

Kisha kibali. Mbuga ya Aberdare, iliyoanzishwa mwaka 1950, yataka ada ya kuingia, nayo hulipwa kwa njia ya simu au kompyuta, si kwa fedha za mkononi langoni. Kuvua nako kwataka ruhusa yake peke yake. Afadhali kupiga simu mapema kuulizia ada, idadi ya samaki waruhusiwao na mito iliyofunguliwa, kwa sababu mambo hayo hubadilika. Jambo moja halijabadilika kwa muda mrefu: katika mito ya trauti chambo cha mnyoo hakitakiwi. Hutumika nzi wa bandia.

Hapa yafaa kutua kidogo, maana nzi hawa ni kazi ya Nairobi. Watu wa nje wajua kuliko wenyeji kwamba Kenya ni mojawapo ya nchi zifungazo nzi wa bandia kwa wingi, na kwamba nzi hao hupelekwa Ulaya na Marekani kuuzwa kwa wavuvi wa huko. Fundi huibana ndoana katika jiriwa ndogo, akaizungushia uzi, akatia unyoya wa shingo ya jogoo, sufu kidogo, pengine ukanda mwembamba wa kumetameta, akafunga fundo na kupaka gundi. Akishaizoea kazi, humaliza mmoja kwa dakika chache, na wa mia hatofautiani na wa kwanza. Mvuvi wa Scotland, ambako trauti wa kwanza alitoka, leo aweza kuwa na nzi wa Nairobi kofiani mwake. Mwenyeji wa Eastlands asiyenunua nzi za hapa akaagiza za ng'ambo, huenda akalipia nauli ya kwenda na kurudi ya kitu kilichofungwa mjini mwake. Majina yatajwayo sana katika mito ya Kenya ni matatu: Kenya Bug, Coachman na Mrs. Simpson. Nzi sita wa kila aina watosha kuanzia. Kila mmoja abanwe kwa koleo ule mwiba mdogo wa nyuma ya ncha ya ndoana, ili samaki aachiliwe bila kuchanwa, na ili, ndoana ikimnasa mvuvi mwenyewe sikioni, itoke bila daktari.

Vyombo vingine si vingi. Ufito wa futi nane au tisa, kigurudumu cha kukunjia mshipi, mshipi wenyewe, na uzi mwembamba wa mwisho usioonekana majini. Kiongozi aliye na vyombo vyake aweza kuviazima au kuvikodisha, na kwa safari ya kwanza ndivyo ifaavyo. Hakuna haja ya mtu kununua ufito wa bei kubwa kabla hajajua kama mchezo utampendeza. Vilivyobaki hupatikana Eastlands yenyewe. Gikomba ina makoti mazito yaliyoshonwa kwa baridi ya Ulaya, nayo huuzwa kwa bei ya kuzungumza. Ina viatu vya kupandia milima pia, ila mnunuzi aangalie nyayo zake, maana nyayo zilizolika ni hatari juu ya jiwe lenye ukungu wa mto. Mafundi wa Kamukunji huuza jiko, sufuria na sanduku la bati. Miwani ya jua isisahauliwe, kwa ajili ya kuona ndani ya maji na kwa ajili ya kuyakinga macho na ndoana irukayo.

Kutupa mshipi ndiyo sanaa yenyewe, nayo haifai kujifunziwa mtoni. Nzi hana uzito. Kinachotupwa ni mshipi, naye nzi hufuata. Kiwanja cho chote chatosha, ama Camp Toyoyo asubuhi mapema kabla wachezaji hawajafika, ama uwanda wa shule siku ya Jumapili. Mahali pa ndoana hufungwa kipande cha sufu nyekundu. Walimu hufananisha mwendo wa ufito na mshale wa saa, saa sita ikiwa utosini: ufito usirudi nyuma kupita saa saba, wala usisimamishwe mbele chini ya saa nne. Ukisharudi nyuma, ngoja mshipi unyoke angani nyuma yako, ndipo uusukume mbele. Kungoja huko ndiko kuwashindako wengi. Watoto watajaa kutazama mtu mzima akivua samaki katika nyasi, na maneno yao hayataandikwa hapa. Lakini baada ya Jumapili nne mkono utakuwa umezoea, na wale watoto watakuwa wakiomba wajaribu.

Njia yenyewe ni fupi. Nyeri iko karibu kilomita 150 kutoka Nairobi, na barabara pana ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, imeipunguza sehemu ya mwanzo. Waondokao Makadara saa kumi na moja alfajiri huwa wameliepuka songamano la magari. Msomaji mwenye macho atazame madaraja. Pale Thika, karibu na hoteli ya Blue Posts, Mto Chania na Mto Thika huanguka kila mmoja kwa maporomoko yake kisha hukutana. Hayo ni maji yaliyosalia baada ya Nairobi kuchukua fungu lake. Mbele huja Sagana, nao mto wa hapo ndio Tana ungali mchanga. Huko chini utaingia Masinga na mabwawa mengine ya umeme, na sehemu ya mwanga wa taa za Buru Buru hutoka humo. Upande wa kulia ni mashamba ya mpunga ya Mwea, yanyweshwayo na Mto Thiba na Mto Nyamindi. Pishori iliwayo Eastlands siku ya sikukuu ni maji hayo yaliyogeuka punje. Thiba nao, juu katika msitu wa Mlima Kenya, ni mto wa trauti. Wasio na gari waweza kufika pande za huko kwa matatu mpaka Kutus na Kimunye, wakakutana na kiongozi wao. Safari hiyo ni nyepesi zaidi kwa mfuko, ingawa ndovu wapo huko pia.

Waendao Gura hupita Nyeri mjini, wakanunua mkate, nyanya na makaa ya mwisho, kisha hupanda kati ya mashamba ya chai mpaka lango la Kiandongoro. Hapo wataona ua wa nyaya za umeme. Ua huo huizunguka milima ya Aberdare kwa kadiri ya kilomita 400, nao ulimalizika mwaka 2009. Ulikusudiwa kuwazuia ndovu wasiingie mashambani. Lakini uliusaidia msitu vilevile, maana katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 miti ilikatwa na makaa yakachomwa humo kwa wingi wa kutisha. Mlima uliovuliwa miti hauwezi kuyashika maji. Mvua ikinyesha huyamwaga yote siku moja yakiwa na udongo, na kiangazi mto hubaki mawe. Trauti ndiye wa kwanza kuondoka. Wenye mitungi Kayole hufuata nyuma yake baada ya miezi michache.

Nyika ya juu iko kama mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya nyasi za mafundo, ukungu, na mito midogo myeusi ipitayo kimya kabla ya kuruka magengeni. Maporomoko ya Karuru hushuka kwa ngazi tatu, zaidi ya mita 270 kwa jumla, na ng'ambo ya bonde huonekana ya Gura. KWS ina nyumba ya wavuvi huko, ambamo mgeni hujipikia. Usiku wa kwanza mtu wa Eastlands hataweza kulala, kwa baridi, na kwa ukimya. Aliyezoea matatu, redio ya jirani na mbwa wa Shauri Moyo huona masikio yake yanalia.

Asubuhi jua likishapasha maji kidogo, kiongozi huenda mbele. Mto hupandwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu trauti huutazama mkondo na mtu ajaye nyuma yake haonekani upesi. Wote huinama, na kivuli kisianguke majini. Nzi hutupwa mbele ya jiwe, akaachwa ashuke na maji kama mdudu aliyeteleza kutoka jani. Mara kumi hapatokei kitu. Mara ya kumi na moja mshipi husimama, kana kwamba umeshika mzizi, na mzizi huo ukaanza kukimbia. Hapo wengi huvuta kwa nguvu na uzi hukatika. Ufito uinuliwe tu, na samaki aachwe achoke. Mikono ilowanishwe kabla ya kumshika, asitolewe majini kwa muda mrefu, na kama si wa kuliwa, ashikwe akielekea mkondo mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Wa kuliwa ni wale waruhusiwao na kibali, wala asizidi hata mmoja. Chumvi, ndimu na makaa vyamtosha. Nyama yake haitaki viungo vingi.

Maji yakipita magoti, kurudi. Gura husifiwa kwa kasi yake miongoni mwa mito ya Afrika, na jiwe lake ni kama sabuni. Mvua ikinyesha juu mlimani mto waweza kupanda ghafula huku jua likiwaka walipo wavuvi. Ukibadilika rangi tu, watu watoke majini, hata kama samaki yuko ndoanani. Neno la kiongozi hapa halijadiliwi.

Wako watakaouliza kama haifai kumfuata samaki mkubwa zaidi. Ni kweli kwamba chini ya maporomoko ya Murchison, huko Uganda, watu huongozwa kumvua sangara wa Nile mzito kuliko mtoto wa shule, na katika bonde la Kilombero, Tanzania, mito ya Mnyera na Ruhudji ina samaki wa meno kama misumari ambaye wageni hulipa dola nyingi kumwona mara moja. Lakini safari hizo ni za mfuko mwingine. Trauti wa Gura, ambaye mara nyingi hapiti kiganja na nusu, yuko mwendo wa nusu siku kutoka Jogoo Road.

Na ikitokea kwamba mto ulikuwa mchafu siku zote mbili na kikapu ni kitupu, Kiganjo haiko mbali na njia ya kurudi, nayo huuza trauti wa mabwawani. Wako walioleta hao Eastlands wakawaonyesha jirani zao kwa majivuno. Jirani wengi hawatajua tofauti. Lakini samaki aliyelelewa bwawani mara nyingi huwa na mapezi yaliyochakaa kwa kusuguana na wenzake na kwa kuta za saruji, na wa mtoni mapezi yake ni kamili kama upanga wa kabeji uliochipuka jana. Aliyepata kumshika mmoja wa Gura kwa mikono yake humtambua mwingine papo hapo, hata akiwa kikaangoni.